Neno "tumultuous": jinsi ya kulitamka, kulielewa na kulitafsiri bila kuharibu habari

Mitihani ikikaribia, au vijana wapya wakiingia kwenye meza yetu ya kutafsiri habari, swali hurudi lile lile: "tumultuous" kwa Kiswahili ni nini? Anayeuliza anataka neno moja aliandike pembeni ya daftari na kuendelea na kazi. Nimewajibu wengi, mmoja mmoja. Leo naandika yote mahali pamoja, kwa sababu hilo jibu la neno moja ndilo linalowaponza.

Kijana mmoja alipewa habari ya mbunge aliyerudi jimboni baada ya kushinda uchaguzi. Kiingereza kilisema amepata "a tumultuous welcome". Kijana akafungua kamusi, akakuta "-a ghasia, -a fujo", akaandika kichwa cha habari: mbunge apokewa kwa vurugu. Habari ikasomwa saa saba mchana. Ilipofika saa tisa simu zilikuwa hazikatiki, jamaa za mbunge wakiuliza ameumia wapi na yuko hospitali gani. Hakuna aliyeumia. Watu walikuwa wamempigia ngoma na vigelegele, bodaboda zikapiga honi kutoka barabara kuu mpaka mlangoni kwake. Kamusi ilikuwa sahihi. Kijana alilisoma neno peke yake, akalisahau jirani yake.

Ukitaka kushika jambo moja tu kutoka hapa, shika hili: usilitafsiri "tumultuous" kabla hujaitazama nomino inayolifuata.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sentensi za mifano. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili peke yake haitoshi kwa neno hili.
- Kamusi ya Kiswahili, kwa ajili ya kuhakiki neno utakalolichagua.
- Sentensi nzima ya Kiingereza, pamoja na iliyotangulia na iliyofuata. Mtu akikuletea neno tupu kwenye karatasi, mrudishe akachukue sentensi.
- Daftari la kuandika jozi: "tumultuous" na nomino yake upande mmoja, Kiswahili chake upande wa pili.

Hatua ya 1: Litamke

Neno lina silabi nne: tu-mal-chu-as. Mkazo uko kwenye ya pili: tu-MAL-chu-as. Waingereza wengi huanza na "tyu", Wamarekani wengi huanza na "tu". Yote mawili ni sawa.

Tahadhari: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunayabeba hadi kwenye Kiingereza. Ndiyo maana wengi wetu husema tu-mal-CHU-as. Nomino yake, "tumult", mkazo wake uko mwanzoni: TYU-malt. Yaseme yote mawili kwa sauti mara kumi, moja baada ya lingine, uone mkazo unavyohama.

Hatua ya 2: Liandike

Herufi ni 10, na ndani yake "u" ziko 4. Kosa linalojirudia kuliko yote ni "tumultous", yaani "u" iliyo baada ya "t" ya pili imeachwa. Andika kwanza "tumult", kisha bandika "uous" mwishoni. Ukilijenga kwa vipande viwili hivi halitakupotea tena.

Kielezi chake ni "tumultuously". Ukilinganisha, tumia "more tumultuous" na "the most tumultuous".

Hatua ya 3: Ipate picha kabla ya maana

Nadharia nitaigusa kidogo tu. Neno lilitoka Kilatini, tumultus. Warumi walilitumia hata kwa hali ya hatari ya ghafla, kama pale ilipovuma kwamba Wagalli, maadui zao wa kaskazini, wanakuja na kila mwenye uwezo akatakiwa kushika silaha. Wataalamu wa asili za maneno hulihusisha na kitenzi cha Kilatini cha kuvimba, kile kile kilichozaa "tumor", uvimbe.

Picha hiyo ya kuvimba ndiyo ya kukaa nayo. Fikiria bahari inayoumuka, umati unaojaa na kufurika, au kifua kilichojaa mambo mengi kwa mpigo. Vitu vitatu huonekana pamoja: wingi, mtikisiko na kelele. Kelele hiyo yaweza kuwa ya kusikika kwa masikio au ya ndani ya moyo. Kumbuka kwamba katika vitu hivyo vitatu hakuna kinachosema "ubaya". Ubaya au uzuri huletwa na nomino.

Kale neno hili lilikuwa na makali ya kisheria. Sheria ya Uingereza ya kuzuia ghasia, ya mwaka 1714, iliwalenga watu 12 au zaidi waliokusanyika kwa namna ya "tumultuously". Wakishasomewa tangazo, walikuwa na saa moja ya kutawanyika. Wingi wa watu umo ndani ya neno tangu zamani.

Hatua ya 4: Itafute nomino, kisha uchague

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tutakaa. Pigia mstari nomino inayofuata "tumultuous", kisha uliza ni ya kundi gani kati ya haya.

Watu wanaofurahi. "Tumultuous applause", "tumultuous welcome", "tumultuous cheers". Kiswahili kina neno lililotengenezwa kwa kazi hii: kishindo. Makofi ya kishindo, mapokezi ya kishindo. Ukitaka rangi zaidi, kuna shangwe, nderemo, vifijo, hoihoi na vigelegele. Nelson Mandela alipotoka gerezani tarehe 11 Februari 1990 na kufika katikati ya jiji la Cape Town, gari lake lilizingirwa na watu hata likashindwa kusogea. Mwandishi wa Kiingereza akiyaita mapokezi hayo "tumultuous" yuko sawa kabisa, nawe ukiandika "alipokewa kwa shangwe na kishindo" uko sawa. Ukiandika "kwa ghasia" umeandika habari nyingine.

Watu waliokasirika au waliotaharuki. "Tumultuous crowd", "tumultuous protest", "tumultuous meeting". Kiswahili hapa ni tajiri hata kinachanganya, kwa hiyo pima uzito wa kila neno:

- Fujo ni neno la kawaida, hata watoto darasani hufanya fujo. Linabeba lawama kidogo.
- Vurugu ina watu wanaopigana au kuharibu vitu. Usiiandike kama hakuna aliyerusha hata jiwe.
- Ghasia ni kelele na msongamano unaokaribia kushindikana. Tunasema kikosi cha kutuliza ghasia, na neno limekaa vizuri kwenye habari rasmi.
- Machafuko ni mazito. Msomaji akiliona hufikiria nchi, vifo na wakimbizi. Mkutano wa chama uliorushiwa viti haujafika huko.
- Vurumai ni pale watu wanapokimbizana na hakuna anayejua kinachoendelea.
- Mtafaruku ni kutoelewana ndani ya kundi moja: chama, bodi, familia. Unaweza kuwapo bila mtu kupaza sauti.
- Tafrani na kizaazaa ni maneno ya mtaani na ya simulizi. Yana ladha, ila yaweke mbali na taarifa ya msiba.
- Patashika limezoea kurasa za michezo. Mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, ni patashika na kila mtu anakuelewa.

Binafsi, kwa "tumultuous meeting" huanza na sentensi yenye kitenzi: "mkutano ulichafuka". Nitarudi kwenye kitenzi hicho.

Kipindi cha wakati au maisha. "A tumultuous year", "a tumultuous decade", "a tumultuous childhood". Neno langu la kwanza ni misukosuko. Linatoka kwenye kusukasuka, kutikiswa huku na huku, nalo halimlaumu mtu. Chukua mfano wa kwetu. Januari 12, 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Januari 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na katika siku chache tu maasi kama hayo yakazuka Uganda na Kenya. Aprili 26 Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Mwandishi wa Kiingereza ataiita miezi hiyo minne "tumultuous". Ukiandika "miezi minne ya fujo", umeutia Muungano kwenye kapu moja na uasi wa kambini. Ukiandika "miezi minne ya misukosuko", matukio yote yanaenea bila kulazimishana.

Uhusiano wa watu wawili. "A tumultuous marriage". Sema ndoa ya misukosuko, au ndoa ya vuta nikuvute. "Ndoa ya vurugu" inamfanya msomaji afikirie kipigo. Kama habari haikusema kuna kipigo, umewasingizia watu.

Bahari, mto, hewa. Hapa tumebarikiwa. Nenda pwani miezi ya kusi, Juni au Julai, umkute mvuvi ameketi chini ya mwembe anashona nyavu wakati ngalawa yake imevutwa hadi juu mchangani. Ukimuuliza mbona hakwenda, atakujibu kwa maneno mawili: "Bahari imechafuka." Hilo ndilo "tumultuous sea", neno kwa neno, na limekuwepo kabla hatujakutana na Kiingereza. Usiandike "bahari ya ghasia" wala "bahari yenye vurugu". Hakuna mtu wa pwani anayesema hivyo.

Moyo na mawazo. "Tumultuous emotions", "tumultuous thoughts". Andika kwamba mawazo yalimvurugika, au moyo ulimwenda mbio kwa mambo mengi kwa wakati mmoja.

Tahadhari kubwa: kwa kuwa bahari huchafuka, utashawishika kuandika "moyo ulimchafuka". Usifanye hivyo. Moyo kuchafuka ni kichefuchefu. Niliwahi kuhariri simulizi ya mapenzi ambamo kila binti alipomwona mpenzi wake moyo ulimchafuka, mara tano katika kurasa tatu. Mwandishi alikusudia msisimko, msomaji angedhani binti ana mimba.

Hatua ya 5: Vunja kivumishi, tumia kitenzi

Kiingereza hupenda kuning'iniza vivumishi mbele ya nomino. Kiswahili vivumishi vyake halisi ni vichache, na nguvu yake iko kwenye vitenzi. Kwa hiyo ukiona "-a misukosuko, -a misukosuko" inajirudia katika aya, vunja sentensi.

Chukua hii: "After a tumultuous session, the council adjourned." Mwanafunzi huandika: "Baada ya kikao cha ghasia, baraza liliahirisha." Kwanza, baraza liliahirisha nini? Kitenzi kimeachwa kikielea. Pili, sentensi imekufa. Sasa soma hii: "Kikao kilichafuka, na baraza likaahirishwa." Maneno yamepungua, nasi tumeuona ukumbi.

Kuchafuka kunakwenda mbali zaidi ya bahari. Husemwa hali ya hewa imechafuka bila hata wingu, pale mtu mmoja anapoingia kwenye kikao na neno la uchochezi na wote wakaanza kunyoosheana vidole. Husemwa fulani kaichafua hali ya hewa. Tumia usemi huo kwenye makala na simulizi. Kwenye taarifa rasmi sema wazi kilichotokea.

Hatua ya 6: Litenganishe na ndugu zake

"Turbulent" ndilo linalochanganywa nalo zaidi. Kwa miaka na nyakati za siasa hubadilishana bila shida. Kwenye sayansi hayabadilishani kabisa. Mtikisiko wa ndege angani ni "turbulence". Maji yanayozunguka ovyo ndani ya bomba ni "turbulent", neno lililokaa kwenye fizikia tangu siku za mwanasayansi Osborne Reynolds, ambaye mwaka 1883 alieleza majaribio yake ya Manchester ya kupitisha uzi wa rangi ndani ya maji kwenye bomba la kioo. Mwendo ulipokuwa mdogo uzi ulinyooka. Mwendo ulipozidi, rangi ilivurugika na kuenea bomba zima. Ukiandika "tumultuous flow" kwenye mtihani wa fizikia umekosa alama.

"Chaotic" ni kukosa mpangilio. Foleni ya Kariakoo, stoo isiyopangwa, ofisi ya mafaili yaliyotapakaa chini: yote ni "chaotic". Chumba kilichovurugika hakiwi "tumultuous" hata kidogo.

"Stormy" hupenda mikutano na mapenzi, na hukaribia sana kile tunachokiita kikao cha moto. "Troubled" ni mahangaiko ya kimya kimya, hayana kelele.

Hatua ya 7: Sasa geuza, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza

Makosa matatu hapa huyaona kila wiki.

La kwanza ni ushindi wa kishindo. Kwa kuwa mapokezi ya kishindo ni "tumultuous welcome", mwanafunzi huandika "tumultuous victory". Mwingereza atadhani ushindi ulikuwa na rabsha. Andika "landslide victory" kwa uchaguzi, au "resounding victory" kwa mchezo.

La pili ni kumpachika mtu. "My uncle is tumultuous" haisemwi. Maisha yake, ndoa yake au siasa zake zaweza kuwa "tumultuous". Yeye mwenyewe ni "quarrelsome" kama ni mgomvi, au "unruly" kama hashikiki.

La tatu ni kulitumia kwa jambo dogo. Neno hili ni zito. Asubuhi uliyokosa daladala na kumwagikiwa chai si "a tumultuous morning". Sema "hectic".

Kwa wakalimani wa mahakama

Wako Waswahili wengi Marekani wanaokalimani mahakamani, kwa hiyo nawaandikia mahali pao. Huko neno hili ni la kisheria hadi leo. Sheria ya jinai ya New York inaeleza kosa la ghasia kuwa ni kushiriki, pamoja na watu wengine wanne au zaidi, katika mwenendo ulio "tumultuous and violent". Sheria ya Indiana imelifafanua kabisa: ni mwenendo unaosababisha, au unaoelekea kusababisha, madhara makubwa ya mwili au uharibifu mkubwa wa mali.

Mahakamani achana na kishindo, misukosuko na hali ya hewa. Chagua "fujo", na ukishachagua usibadilishe hadi shauri liishe. Mshtakiwa akisikia "fujo" leo na "machafuko" kesho, atadhani ameongezewa kosa.

Ukikwama

Nomino haiko mbele ya neno. Itafute nyuma. "The years that followed were tumultuous": nomino ni "years". Andika: "Miaka iliyofuata ilikuwa ya misukosuko."

Sijui kama umati unafurahi au umekasirika. Soma sentensi inayofuata. Ukiona bendera, nyimbo, maua, nenda kwenye shangwe. Ukiona polisi, mawe, moshi, nenda kwenye ghasia. Pakikosekana dalili yoyote, andika "umati uliofurika kwa kelele" na usimhukumu mtu.

Kuna neno moja tu la kutafsiri na habari ni ya ndoa ya mtu mashuhuri. Tumia misukosuko. Halimsingizii yeyote.

Mhariri anasema misukosuko imezidi kwenye makala. Rudi hatua ya 5. Moja igeuze kuwa kitenzi, nyingine itaje tukio lenyewe: badala ya "mwaka wa misukosuko", andika kilichotokea mwaka huo.

Nimeulizwa kwenye mtihani, bila sentensi. Andika maana mbili: "-enye misukosuko au ghasia; (kwa makofi na mapokezi) -a kishindo". Weka nukta mkato (;) katikati ili msahihishaji aone unajua kwamba ni maana mbili.

Bado nasema tu-mal-CHU-as. Piga meza kwa kidole kwenye silabi ya pili kila unapolisema. Wanafunzi wangu wengi huhitaji siku tatu hivi.